Msiweke Kitufe cha Dawa ya Mbu

Juzi mlinijia watatu, wewe Saumu mjukuu wangu na wenzako wawili wa chuo, mkaiweka kompyuta yenu juu ya meza yangu ya chai mkasema, "Nyanya, tusaidie." Nikafurahi. Si kila siku vijana humwendea kizee kutaka kitu kisichokuwa dua wala mahamri. Mkanionyesha mchezo mnaoutengeneza. Mchezaji hupewa kiwanja kikavu. Akichimba bwawa, chura huhamia. Akipanda maua, vipepeo huja. Akilaza gogo bovu, jongoo hutokea amebeba virago vyake kama mgeni wa sikukuu. Pole pole kiwanja huwa mji, na kila kiumbe ana mlango wake na taa yake. Mlitaka kujua kutoka kwangu, mimi niliyeifanya kazi hiyo kwa mikono hii, kipi hutangulia na kipi hufuata. Nikawaambia, nanyi mkaandika.

Kisha yule mwenzenu mwenye miwani akasema, "Na mbu wakizidi, Nyanya, tumeweka hiki." Akabonyeza. Kikatoka kiwingu cha buluu, kikapita juu ya bwawa, mbu wakatoweka. Vyura wakapiga makofi.

Hapo ndipo nilipoifunga kompyuta yenu kwa kishindo nikawaambia mwende zenu. Mkaondoka mmenywea, chai yenu ikabaki vikombeni. Jioni Saumu akanipigia simu: "Nyanya, tumekukosea nini?"

Hamkujua, na mtu hakosi kwa asilolijua. Sasa nitawaambia mjue. Lakini msitaraji nitulize sauti. Hasira hii ilizaliwa kabla yenu, na sijaona sababu ya kuiombea radhi.

Shimo la Junda halikuwa bustani mnayoijua leo. Lilikuwa shimo la mawe. Watu walikata matofali ya matumbawe pale tangu mimi sijaolewa, na nilipoolewa kutoka Jomvu Kuu kuja Junda, riziki yangu ya kwanza niliipata humo: nilikuwa nikishuka na birika na kapu la mahamri, nawauzia wakata mawe. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mawe yakaisha. Ukipiga sururu zaidi, yanatoka maji ya chumvi, munyu mtupu. Wakata mawe wakatawanyika, wengine Likoni, wengine Changamwe. Likabaki shimo jeupe, jua likipiga mchana macho yanauma, na hata kunguru, ndege asiye na adabu ya kuchagua mahali, alikuwa akipita juu yake bila kutua.

Mtu mmoja hakuondoka. Alikuwa Mzee Kazungu, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, mkata mawe mrefu mwenye vidole vilivyopinda kwa sururu. Alikaa kwenye kibanda chake ukingoni mwa shimo kwa sababu, alisema, hakuona haraka ya kwenda kuwa maskini mahali pengine.

Mwenye shimo alikuwa Mzee Famau, mfanyabiashara wa mawe na chokaa, mtu wa ukoo wa zamani wa mji. Siku moja akashuka na kanzu yake na bakora, akasimama katikati ya weupe ule. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe vyangu.

"Kazungu," akasema, "nusu ya nyumba za Kisauni zimetoka humu. Kesho nikiulizwa na Mola wangu ardhi yake nimeiachaje, nitajibu nini?"

"Utajibu umeacha shimo," Kazungu akamwambia.

Mzee Famau akacheka mpaka akakohoa. "Basi lijaze."

"Nilijaze kitu gani?"

"Uhai."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mwanakombo, birika lako tangu leo ni la miti."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyenisaili.

Sasa mlipokuwa mnaniuliza kipi hutangulia, mliniambia katika mchezo wenu mtu huanza na maua. Maua! Maua ni mambo ya mwisho, ni kama pazia. Kuna mtu hununua pazia kabla ya nyumba? Sisi tulianza na mti usiopendwa na mtu, mvinje. Tulijaribu mwembe, ukafa. Mnazi ukafa. Mkorosho ukasimama wiki kadhaa ukitudanganya, kisha ukafa. Mvinje tu ndio uliotia mizizi katika jiwe na munyu kana kwamba uliandikiwa. Namna ya kuupanda: unavunja jiwe mpaka upate kitundu cha kuingia ngumi, unatia udongo kidogo wa kuomba kwa jirani, unapanda mche, na unamwagia asubuhi kabla jiwe halijapata moto. Ukimwagia mchana umeupika.

Mivinje ikakua, lakini majani yake ni kama nywele, yakianguka hayaozi. Yalilala chini kama sakafu ya kinyozi. Mahali pasipooza kitu hapana udongo, na pasipo na udongo huna mji, una picha ya mji. Kazungu akaenda kwao akarudi na kapu lililofunikwa kwa jani la mgomba. Alipolifunua nilipiga ukelele nikapanda juu ya jiwe. Jongoo! Wengi, weusi, wanene kama vidole, wanapandana.

"Hawa ndio mafundi," akasema.

Akawamwaga chini ya mivinje. Wakala yale majani yaliyomshinda kila mtu, wakatoa vinyesi vidogo vyeusi, na vinyesi vile ndivyo vilivyokuwa udongo wetu. Andikeni hilo kwa herufi kubwa: mji wenu wa vipepeo na taa unasimama juu ya mavi ya jongoo. Watu wa Junda waliomwona Kazungu na lile kapu walisema ni mchawi, anafuga wadudu wa kurogea. Tulicheka. Laiti tungejua kwamba neno hilo halikutupwa, liliwekwa akiba.

Somo lake kubwa lilikuwa moja, naye alilirudia mpaka nikalichukia: "Mnyama haletwi. Mnyama hutengenezewa, kisha husubiriwa." Mzee Famau, Mungu amrehemu, kusubiri kulimshinda. Akanunua tausi dume kwa rafiki yake wa mjini, akamwachia shimoni. "Pawe na uzuri," akasema. Tausi yule hakupenda shimo hata siku moja. Alikula mijusi wetu wote, kisha akaruka akaenda kukaa juu ya paa la msikiti. Ikawa adhana ikianza, naye anaanza. Ijumaa moja Ustadh, yule muadhini wetu, alipanda mimbari kuhutubu, na kila akivuta pumzi tausi anampokea kwa ukelele. Mwisho akasema kwenye kipaza sauti, "Mwenye ndege huyu amche Mungu." Mzee Famau alikuwa safu ya mbele. Tausi alirudi mjini jioni ile ile ndani ya gunia.

Baada ya hapo tulisubiri. Tulichimba mabwawa mawili. Bwawa kubwa lilikuwa la samaki. Dogo lilikuwa la kina cha goti, kingo zake zimelazwa kama mteremko wa kanga iliyotandikwa, kwa ajili ya vyura, maana chura akitaga penye samaki amewapikia samaki. Alikuja kereng'ende mwekundu kwanza. Akatua kwenye unyasi, na Kazungu akavua kofia akamwambia, "Karibu bwana, nyumba ni yako." Akaja mdiria, yule ndege mvua samaki, akafuata korongo, akafuata kenge ambaye mimi sikumkaribisha lakini hakuuliza. Na masika fulani, mvua ya alasiri ilipokatika, nikiwa nakamua leso yangu, nikasikia kwenye bwawa dogo, krr, krr, krr. Kazungu alikuwa ameshika sururu. Aliiweka chini kwa utaratibu kama anayemlaza mtoto. Nikamwona anafuta macho, nikatazama pembeni, maana mtu mzima huachiwa machozi yake.

Hayo ndiyo niliyowaambia juzi nikiwa nacheka. Sasa haya ndiyo ambayo sikuwaambia.

Miaka ya tisini Mzee Famau akafariki, na shimo likashikwa na mwanawe, Nasoro. Nasoro alikuwa kijana mtanashati, mashati meupe, salamu zake fupi. Akajenga lango, akaweka bawabu, akaanza kuleta wageni wa mahoteli ya Bamburi kutembea chini ya mivinje. Sikumlaumu kwa hilo, mahali pazuri huonwa. Lakini alitaka uzuri wa sebuleni. Akaamuru majani yafagiwe. Kazungu akamwambia, "Bwana, chini ya majani haya kuna mafundi wa baba yako."

"Wadudu," akasema Nasoro. "Wageni wanaogopa wadudu."

"Mtupa jongoo hutupa na mti wake."

Nasoro akamtazama kama anayetazama ukuta uliojibu. Majani yakafagiwa, mimi nikiwa miongoni mwa waliopewa fagio, na jioni Kazungu akayarudisha yote kwa karai.

Kisha Nasoro akajenga ukumbi wa chai karibu na maji, na kuuzunguka akapanga nusu za mapipa zilizojaa maji na maua ya yungiyungi. Yakapendeza kweli. Na humo mapipani, mahali pasipo samaki wala chura, mbu wakazaana kama walioitwa. Wageni wakaumwa miguu. Kazungu akayapindua mapipa mawili mbele yangu na kunionyesha watoto wa mbu wanavyojinyonganyonga kwenye mawe. Nasoro akaja mbio. Alichokiona ni maua yake yamelala chini.

"Hii ni bustani yangu au yako?"

"Yako, bwana. Mbu pia ni wako, umewafuga mwenyewe."

Tangu siku ile walikuwa maadui, na mmoja wao ndiye aliyeshika funguo.

Alhamisi moja asubuhi nilikuwa kitaluni natia miche kwenye mifuko. Nikaona mtu nisiyemjua anashuka, amefunga kitambaa puani, mgongoni ana pampu ya kunyunyizia, mkononi ana mkebe mkubwa. Nasoro yuko nyuma yake. Kesho yake lilitarajiwa kundi kubwa la wageni. Kazungu alipouona mkebe akaacha alichokuwa akifanya, akasimama kati ya yule mtu na bwawa, mikono ameifungua.

"Si kwenye maji," akasema. "Nyunyizeni ukumbi, nyunyizeni mapipa. Si kwenye maji."

"Toka," akasema Nasoro.

"Bwana, nakuomba kwa jina la baba yako."

"Baba yangu amekufa. Toka."

Kazungu hakutoka. Yule mtu wa pampu akazunguka upande wa pili, akamimina. Si kunyunyiza, alimimina, mkebe umeinama, maji yakawa na utando wa rangi rangi. Kazungu akamrukia akaupokonya, lakini nusu ilikuwa imeshaingia bwawa kubwa, na mtaro wa kuunganisha mabwawa, tulioufanya sisi wenyewe, ukawa unaipeleka taratibu kwa vyura. Akaenda na mkebe kibandani kwake akisema kwa sauti, "Huu nitaupeleka kwa watu wa afya wausome." Mtu wa pampu akaenda zake. Sijawahi kumwona tena.

Kabla ya adhuhuri samaki walipanda juu wakawa wanafungua na kufumba midomo hewani, kama watu wanaotaka kusema neno. Kisha wakageuka matumbo. Bwawa likawa jeupe. Mdiria aliyekula wa kwanza alianguka kwenye nyasi, mbawa zimefunguka. Kwenye bwawa dogo vyura walikuwa wakitoka majini na kutembea, hawaruki, wanatembea, wakikokota miguu ya nyuma. Niliwaokota kwa leso yangu nikawaosha kwa maji ya birika. Wakafia mkononi.

Nikiwa hapo nimepiga magoti, nikamsikia bawabu anauliza kutoka langoni. "Bwana Nasoro, watu wa mtaani wameona samaki, wanataka kuingia wachukue."

Na nikamsikia Nasoro anajibu. Wallahi nilimsikia kwa masikio haya. "Waache wachukue wote. Watatusafishia kabla wageni hawajafika."

Mnaelewa? Alijua kilichomo majini. Akafungua lango ili watu wa Junda, jirani za baba yake, watu waliomswalia baba yake jeneza, wawe fagio lake.

Wakaingia na ndoo, makarai, hata masufuria. Wanacheka, wanaitana, riziki haina mwenyewe. Nikapiga kelele nikitaka kuwazuia, na waliokuwa mbele walidhani nawafanyia uchoyo. Mmoja akaniambia, "Mwanakombo, kwani maji haya si ya Mungu?" Kwa kelele zile zote, nani angenisikia? Nikavua makubadhi nikakimbia msikitini. Ustadh alikuwa anachukua udhu.

"Ustadh, fungua kipaza sauti! Samaki wa shimoni wana sumu!"

Hakuniuliza mara mbili. Aliingia miguu inachuruzika maji, na sauti yake ikatoka juu ya mapaa: samaki wasiliwe, samaki wa shimoni wasiliwe, mwenye kupika amwage. Alirudia mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikaingia mitaani, nyumba kwa nyumba, napindua masufuria ya watu. Nilitukanwa siku ile matusi niliyokuwa sijayajua, na niliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia. Kovu mmeliona mara nyingi, hamkuwahi kuuliza.

Nilipofika kwa Mama Riziki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nilikuta samaki wa nazi jikoni, na bintiye Mwanasiti amekaa kwenye kibao, sahani mapajani, ameshakula. Mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na mate yanamtoka. Tukampakia kwenye mkokoteni wa mwuza maji tukamsukuma mbio hadi zahanati, mamake akishika kichwa chake kisigonge mbao. Njia nzima Mama Riziki hakulia. Alikuwa akisema neno moja tu, "Nani? Nani? Nani?"

Mwanasiti alipona, alhamdulillahi. Wengine walitapika wakapona. Paka wa Junda walikufa wengi, na hakuna aliyewahesabu kuwa ni msiba.

Alasiri wakaja polisi. Hawakwenda kwa Nasoro. Walikwenda kibandani kwa Kazungu, wakaukuta mkebe, wakamtoa amefungwa pingu mbele ya watu waliojaa njiani. Nasoro alikuwa ameshawaeleza: mfanyakazi mwenye kinyongo, alipindua hata mapipa ya maua. Na mtaa ukatoa ile akiba yake. "Si yule mchawi wa jongoo?" "Si nilisema?" Waliyasema watu waliokuwa wakikaa kwenye kivuli cha mivinje yake kila Jumapili! Mwanamume mmoja akamrushia ganda la nazi. Likampiga begani. Kazungu akaliangalia lilipoangukia, akaendelea kutembea.

Nikaenda kituoni nikasema niliyoyaona. Wakaniuliza, "Huyo mtu wa pampu anaitwa nani?" Sikumjua. "Basi mama, nenda nyumbani."

Siku ya pili, baada ya swala ya Ijumaa, chifu akaitisha baraza pale langoni pa shimo. Watu walijaa hadi barabarani. Nasoro alikuja na shati lake jeupe, akasimama kando ya meza ya chifu. Akasema mhalifu ameshakamatwa. Kisha, kwa kuwa tamaa haijui kunyamaza, akaongeza kwamba watu wasitishwe: dawa ile ni ya mbu, haimdhuru binadamu, waliougua wameugua malaria kama ilivyo desturi ya msimu, na bustani itakuwa wazi kwa wageni kama kawaida.

Watu walikuwa wanaguna. Nikamwona Mama Riziki anapenya katikati yao. Amevaa buibui lake la safari, mkononi ana sahani iliyofunikwa kawa. Alitembea mpaka kwenye meza, akaiweka sahani mbele ya Nasoro, akafunua. Alikuwa ni yule samaki wa nazi, kipande kilichobaki. Alikihifadhi.

"Haya, Bwana Nasoro," akasema kwa upole kabisa. "Umesema haidhuru. Mwanangu alikula huyu akaugua malaria. Bismillahi, karibu."

Nasoro akamwangalia chifu. Chifu akaangalia sahani.

"Mimi," akasema Nasoro, "mimi leo nimefunga."

Ustadh alikuwa amekaa mbele, sauti yake bado imekauka tangu jana. Akasema, "Ijumaa peke yake haifungwi, bwana. Au ulifunga na jana, siku ya kumimina?"

"Si kitu," akasema Mama Riziki. Akaifunika sahani. "Nitamngoja hadi magharibi. Nitakuwa nimemletea futari."

Akakaa chini pale pale miguuni pake, sahani mapajani.

Baraza likalipuka. Bawabu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejificha nyuma ya nguzo ya lango, akatoka mwenyewe akapaza sauti: "Yeye ndiye aliyeniambia niwafungulie! Alisema mtamsafishia!" Nami nikasema yangu mbele ya chifu, na safari hii nilisikilizwa. Nasoro akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa gari lake, akaingia, akaondoka, Mama Riziki bado amekaa na sahani yake. Jioni ile ile Kazungu akaachiliwa.

Mnangoja niwaambie Nasoro alifungwa? Hakufungwa. Alihamia mjini, na dada zake wakalichukua shimo wakaniomba nilitengeneze. Hayo ndiyo malipo yake: kuhama mtaa. Alhamdulillahi mnaniona natabasamu kwenye harusi, lakini mkijua ninachokifikiria kila nikiona shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, hamtanikalisha meza ya mbele.

Na Kazungu? Alitoka kituoni akaja moja kwa moja kibandani. Nilikuwa nimemfagilia. Akakunja godoro, akachukua sururu na lile kapu lake, akasimama mlangoni kwa muda. Watu walikuwa wanapita njiani. Walimpungia mkono, wakasema "Pole, mzee," kama anayetoka kuugua mafua. Hakuna aliyesimama. Akauchukua mkono wangu ule uliofungwa bendeji, akaushika kwa vidole vyake vilivyopinda, akaenda kupanda basi la Kaloleni.

Nilibaki peke yangu na maji yaliyokufa. Tuliyatoa kwa ndoo, mimi na wanawake wa Junda, tukakomba na tope. Wale waliosema "mchawi" niliwapa tope zito zaidi, na nilisimama juu yao wakilibeba. Tukangoja masika yajaze upya. Na nani alirudi wa kwanza? Wewe mwenye miwani, andika hili, maana ndilo lililokufanya unione mkali: wa kwanza kurudi walikuwa mbu. Walikuja peke yao, wengi kuliko zamani, kwa sababu kila aliyekuwa akiwala tulikuwa tumemzika. Tuliumwa msimu mzima. Wengine walichelewa. Jongoo niliwatafuta mimi kwa kapu langu. Kereng'ende alichelewa. Samaki nilipewa na mtu wa Jomvu Kuu. Na ilipita masika, ikapita vuli, ndipo siku moja baada ya mvua nikasikia krr moja tu, kama mtu anayejaribu mlango.

Nikapanda basi la Kaloleni siku ya pili. Nilimkuta Kazungu uani kwake anasuka makuti.

"Baba," nikamwambia hata kabla ya shikamoo, "vyura wamerudi."

Mikono yake ikasimama. "Wepi? Wadogo wa kijani?"

"Wadogo wa kijani."

"Bwawa dogo?"

"Bwawa dogo, upande wa nyasi."

Akataka kujua kila kitu: maji yamefika wapi, kama kingo zimebomoka, kama mivinje ya upande wa lango imesimama. Aliuliza akicheka, uso umefunguka kama zamani. Nikajua nimeshampata. Nikasema, "Basi twende. Kibanda chako nimekiezeka."

Akarudia makuti yake. Alisuka kuti zima kabla ya kunijibu.

"Vyura hawakuitwa wachawi, Mwanakombo."

"Ni wapumbavu wachache waliosema, Baba. Watu wamejuta."

Akainua kichwa, akatazama njia niliyokuja nayo, nyuma ya bega langu, akaitazama sana mpaka nami nikageuka. Njia ilikuwa tupu.

"Wako wapi?" akaniuliza.

Nilirudi Junda nikapita nyumba kwa nyumba kama siku ile ya samaki. Nikawaambia: mtu huyu anahitaji kusikia neno moja kutoka kwenu, basi linaondoka asubuhi, safari si ndefu. Wakaniambia, "Inshallah." Wakaniambia Kaloleni ni mbali, jua kali, hawaijui njia ya kwake. Mama Riziki alikwenda na Mwanasiti. Ustadh alikwenda. Wengine, inshallah.

Baadaye Kazungu akafa, kwao, kwa uzee. Siku ya maziko nilikuwa nimekaa na wanawake wa nyumba ile nikasikia lori. Junda nzima ilikuwa imekodi lori. Walishuka na kanzu zao safi na leso zao mpya, wakajaa uani, wakasema alikuwa mtu mwema, fundi wetu, baba wa miti yetu. Yule aliyemrushia ganda la nazi alikuwa miongoni mwao, na alilia kuliko wafiwa.

Wakaniomba mimi, niliyefanya naye kazi muda mrefu, niseme neno. Nikasimama. Nilikuwa na mengi ya kusema juu yake. Nikawatazama walivyojaa pale, na yote yakanitoka isipokuwa moja.

"Kumbe njia mlikuwa mnaijua," nikawaambia. Nikakaa.